Shuti Lililopaa

Jioni moja, miaka mingi imepita sasa, mtoto mmoja wa timu ya mtaani niliyokuwa nikiifundisha alibaki yeye na golikipa peke yao, akapiga shuti likapaa juu ya mtambaa wa panya na kuangukia ua wa jirani. Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Alinijia taratibu, vumbi limemganda magotini, akaniuliza: "Mwalimu, nimekosea wapi? Ni mguu au ni mwili?" Nikamshika bega. "Usijali, mwanangu. Wewe piga tu. Piga nyingi, moja itaingia."

Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba nimemtia moyo. Na labda upole wa sauti yangu ulikuwa wa kweli, sitaki kujinyima hata hilo. Lakini kila nikiukumbuka uso wake, naona kwamba hakuja kutafuta faraja. Alikuja kutafuta jibu, nami sikuwa nalo, na badala ya kusema sina, niliufunika utupu wangu kwa maneno matamu.

Pengine ningekwisha kusahau, lau nisingekutana na habari za kocha Jimmy Hogan katika kitabu kimoja. Alizaliwa mwaka 1882 huko Nelson, mji wa viwanda vya nguo katika Lancashire, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, Mkatoliki, alitamani mwanawe awe padri, ila mpira ukamvuta. Alizichezea klabu za Burnley, Fulham na Bolton, mchezaji mzuri lakini si wa kusimamisha miji. Siku moja akiwa Burnley alipata nafasi ya wazi, akapiga, mpira ukapaa. Akamwendea meneja wake kumuuliza kama mguu ulikaa vibaya au mwili ulikosa mizani. Akajibiwa kwamba aendelee tu kujaribu. Katika kumi, likiingia moja ni vizuri.

Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini, nikakaa kimya kwa muda. Lilikuwa jibu langu, karibu neno kwa neno.

Hogan alisimulia baadaye kwamba tangu siku ile alianza kuzitafuta sababu mwenyewe. Na alikwenda mbali kuzitafuta. Bolton walipozuru Uholanzi waliifunga timu ya Dordrecht mabao 10, naye akajiapia kwamba siku moja atarudi kuwafundisha wale watu. Mwaka 1910 akarudi kweli, bado hajatimiza miaka thelathini. Hapo ndipo ninapomwonea wivu. Mimi nikiona timu imefungwa kumi, naona udhaifu. Yeye aliona watu ambao hakuna aliyewaonyesha.

Kutoka Uholanzi akaenda Vienna, alikofanya kazi na Hugo Meisl, kiongozi wa mpira wa Austria, na vita vya mwaka 1914 vikamkuta huko. Kwa kuwa alikuwa Mwingereza katika nchi ya adui, alikamatwa. Mwishowe akafika Budapest, akawa kocha wa klabu ya MTK huku bunduki zikiendelea kulia Ulaya nzima. Huko aliwaona vijana wawili wakicheza mpira katika bustani, György Orth na József Braun, akawachukua, akawalea kimpira hadi wakawa nyota wa Hungaria. Aliwataka wachezaji wauguse mpira kila siku, wautulize, wapigiane pasi za chini, kila mmoja ajue anachokifanya na sababu yake. Na kumbuka kwamba wakati huo kwao Uingereza wengi waliamini mchezaji anyimwe mpira katikati ya wiki ili Jumamosi aingie uwanjani na njaa ya mpira.

Alipoitwa kuifundisha Fulham mwaka 1934, wachezaji wakongwe hawakuona wana haja ya kufundishwa, na kazi ikaota mbawa akiwa kitandani hospitalini. Halafu ikaja tarehe 25 Novemba 1953, uwanjani Wembley. Hungaria waliifunga Uingereza 6–3, Uingereza ambayo hadi siku hiyo ilikuwa haijawahi kufungwa nyumbani na timu kutoka nje ya visiwa vyao. Baada ya mchezo, wakuu wa mpira wa Hungaria walimtaja Hogan kuwa ndiye aliyewafundisha. Naye alikuwa palepale jukwaani, mzee wa miaka 71, amewapeleka vijana wa Aston Villa kutazama. Mara nyingi hujaribu kuwaza alihisi nini. Sidhani ilikuwa furaha tupu. Waliokuwa wakifungwa walikuwa ndugu zake.

Kuna wazo linalonijia usiku, nami naliogopa kwa sababu linanipendelea. Linasema: je, meneja yule angejibu vizuri, Hogan angeondoka kutafuta? Huenda kunyimwa jibu ndiko kulikomfanya awe kocha, na kama ni hivyo, huenda mimi pia sikumkosea yule mtoto. Nimeligeuza wazo hili mara nyingi, na bado sijui nilijibu vipi. Ila najua kwamba kijana wangu hakwenda Budapest. Msimu uliofuata aliacha kuja mazoezini. Inawezekana ni shule, inawezekana ni kazi za nyumbani. Sikwenda kuuliza, na hilo nalo ni kosa langu.

Mwaka huu nimerudi uwanjani, mara mbili kwa wiki, na watoto wengine. Juzi binti mmoja alipaisha mpira, akageuka kunitazama bila kusema neno. Nilihisi yale maneno ya zamani yakipanda kooni. Nikayameza. "Sijui umekosea wapi," nikamwambia. "Hebu piga tena, nikutazame mguu unaousimamia." Akapiga, ukapaa tena. Nikachuchumaa karibu na mpira, naye akaurudisha mguu nyuma kwa mara ya tatu.