Safari ya Kutaka Radhi

Tulipanda gari la moshi Ifakara kwenda kumtaka radhi ndugu yetu mgonjwa, mchuma chai wa Mufindi, ambaye hatukusemezana naye kwa miaka kumi. Reli hiyo, iliyojengwa kwa msaada wa China baina ya 1970 na 1975, ikipita Mlimba hupanda milima kwa mizunguko, madaraja na mahandaki hadi Makambako. Mwendo ulikuwa wa polepole. Tukanung'unika, na katika sala tukageuka mara kwa mara kufuata kibla. Kutoka Makambako tulishika basi. Tulipofika penye mashamba ya chai, ndugu yetu alikuwa amekwisha zikwa. Gari halikuchelewa, tuliochelewa ni sisi. Vijana wetu, takaneni radhi mapema, kwani mauti hayamngoji msafiri.