Ukifika Dar es Salaam, Ingia Bomani

Wengi wetu wa Mbaha hufika Dar es Salaam kwa haja tu: kumpeleka mgonjwa Muhimbili, kumtazama mtoto aliye chuoni, au kuzika. Haja ikiisha, hupanda basi kurudi ziwani. Kutoka Songea peke yake ni zaidi ya kilometa 900, nao hurudi bila kuuona mji. Safari ijayo, jaribu kutenga nusu siku uzione nyumba mbili za zamani za utawala.

Ya kwanza ni Boma la Kale. Liko Barabara ya Sokoine, penye pembe ya Barabara ya Morogoro, kuelekea bandari wanapopandia boti za Unguja. Lilijengwa mnamo mwaka 1866 na 1867, Sultani Majid bin Said wa Unguja alipokuwa akijenga mji mpya kando ya kijiji cha Mzizima. Hapo walilala wageni wake. Majid alifariki mwaka 1870, na mji ukadorora. Mwaka 1887 wakaja Wajerumani, na mwaka 1891 wakaufanya mji huo makao makuu ya serikali yao. Tangu hapo nyumba ya wageni ikawa nyumba ya ofisi, utawala baada ya utawala.

Utakapofika, zitazame kuta. Ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Tazama na juu: dari imebebwa na boriti za mikoko. Mkoko hauzidi sana urefu, kwa hiyo vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba. Fundi alipima chumba kwa mti aliokuwa nao, kama fundi wa kwetu anavyopima paa kwa miti aliyoipata. Miaka ya 2010 nyumba hii ilitengenezwa upya, likawekwa humo onyesho la historia ya majengo ya mji. Kabla ya kwenda, uliza siku za kufunguliwa.

Sasa fikiri neno lenyewe, boma. Kwa babu zetu wa Ruvuma neno hili halikuwa tamu. Boma lilikuwa kodi, kiboko na pingu. Tarehe 27 Februari 1906, baada ya Vita vya Maji Maji, Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni pale Songea. Mtu aliyeitwa bomani aliaga nyumbani. Ndiyo sababu nasema si jambo dogo mjukuu wake aingie bomani kwa hiari, akiwa na mtoto mkononi, atazame dari na kuuliza maswali.

Ukitoka hapo, barabara ni ile ile. Iko Nyumba ya Atiman, nayo ya zamani za Sultani Majid, iliyokuwa ya Mapadre Weupe. Jina hilo ni la Adrian Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyetekwa utumwani na kukombolewa na mapadre. Alisomea uganga Malta, akafika Karema kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1889, akatibu wagonjwa na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Mbele kidogo ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa mwaka 1897 hadi 1902. Ingia usali. Mkumbuke Askofu Cassian Spiss, aliyeanzisha misioni ya Peramiho mwaka 1898. Aliuawa Agosti 1905, akiwa njiani kwenda Peramiho, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Vita ile ile iliua pande zote mbili, waombee wote.

Nyumba ya pili ni Ukumbi wa Karimjee, karibu na bustani ya mimea na makumbusho. Ulijengwa kwa fedha za ukoo wa Karimjee, wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, ukatolewa kwa mji miaka ya 1950. Humo lilikutana Baraza la Kutunga Sheria, na baada ya uhuru Bunge. Tarehe 9 Desemba 1962 Mwalimu Julius Nyerere aliapishwa humo kuwa Rais wa kwanza wa Tanganyika. Pale Songea mtu mweusi alinyongwa kwa amri ya boma. Hapa mtu mweusi aliapa kuwatumikia wenzake. Kati ya siku hizo mbili ni miaka 56 tu. Mzee mmoja angeweza kuziona zote.

Tukilijua hilo, hatutaingia ofisini tukitetemeka kana kwamba tumekuja kuiba. Ofisi ya kata, ya wilaya na ya jiji zimejengwa kwa jasho letu. Tuingie kwa adabu, tueleze shida yetu, tudai jibu.

Tena tuyatunze ya kwetu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nashika vitabu vya ubatizo vya parokia, nami naona kuwa nyumba ya kale nayo ni daftari. Kabla hamjabomoa nyumba ya zamani ili kupata matofali, waiteni wazee kwanza. Waulizeni nani aliijenga, kwa mikono ya nani, na nini kilitokea humo. Andikeni majibu yao. Kisha amueni.

Mungu awape safari njema.