Uso wa Mpenzi Katika Hadithi na Katika Picha

Lugha yetu ina kiambishi kimoja kidogo ambacho wafasiri hukisifu leo na kukilaumu kesho. Kiambishi hicho ni a-. Tukiandika kwamba alikuja, akaketi, akambusu, tumekwisha kusimulia tendo zima pasipo kusema kama aliyekuja ni mwanamume au mwanamke, wala aliyebusiwa ni yupi. Mwingereza hana nafasi hii. Akifika kwenye kiwakilishi hana budi kuchagua. Mwarabu huchagua mapema zaidi, katika kitenzi chenyewe. Mshairi wa pwani ameweza kwa karne nyingi kumlilia muhibu wake, kumwita ua, johari na tabibu, na msikilizaji akaondoka hana habari kama muhibu huyo huvaa kanzu au buibui. Sisemi kwamba washairi wetu wa kale walikuwa na siri ya namna fulani. Nasema kwamba lugha haikuwalazimisha kutoa ushahidi.

Jambo hili limenishughulisha tangu mwanafunzi mmoja wa fasihi, mzaliwa wa Tanga kama mimi, aliponiletea kusudi lake. Alitaka kuichukua hadithi ya zamani ya mwandishi Mweusi wa Marekani, mtu aliyependa wanaume wenzake na kuandika hivyo, aifasiri kwa Kiswahili, kisha aigeuze filamu fupi ya dakika 12 kwa fedha yake na ya rafiki zake, ipigwe usiku katika vichochoro vya Makorora. "Mwalimu," akasema, "hadithi ina umri wa karibu miaka 100 na mwandishi wake amekufa. Nani atakayeudhika?" Nikamwambia, mwanangu, watakaoudhika hawatauliza umri wa hadithi.

Hadithi yenyewe ni "Smoke, Lilies and Jade" ya Richard Bruce Nugent, aliyezaliwa Washington mwaka 1906 na kufariki mwaka 1987. Ilichapwa Novemba 1926 katika jarida la Fire!!, lililohaririwa na Wallace Thurman na kuandikiwa na vijana wa Harlem ambao baadaye walikuwa watu wakubwa: Langston Hughes, Zora Neale Hurston, Countee Cullen. Jarida lilitoka mara moja tu. Deni likawalemea wenyewe, na nakala nyingi zilizosalia zikateketea kwa moto, ajali inayofanana mno na jina la jarida hata mtu asiyejua angedhani imetungwa. Nugent hakutia jina lake zima; alijiandika Richard Bruce, ili wazazi wake wasitahayari. Basi huyo aliyekuwa shujaa wa kusema alianza kwa kujifunika nusu ya jina. Nataka msomaji alishike jambo hilo, maana nitalihitaji mbele.

Ndani ya hadithi, kijana msanii aitwaye Alex, mwenye umri wa miaka 19, amelala akivuta sigara na kuwaza. Usiku mmoja hukutana njiani na mtu asiyemjua, ambaye humsemesha kwa Kihispania kumwomba kiberiti. Alex humpa jina la Beauty. Yuko pia mwanamke, Melva, naye Alex humpenda. Maneno yote yamekatwakatwa kwa nukta, kama pumzi za mtu anayewaza kabla ya usingizi, na mwisho msomaji huahidiwa kwamba hadithi itaendelea. Haikuendelea, kwa kuwa jarida halikutoka tena.

Tulipokaa kuifasiri tuliona ajabu. Sentensi ambazo kwa Kiingereza zilikuwa kashfa mwaka 1926 ziliingia katika Kiswahili kwa upole, kama mgeni aliyevua viatu mlangoni. "Alimtazama usingizini" haikumshtaki mtu. Ugumu ukaja katika jina. Beauty twamwitaje? Tukisema Uzuri, twabaki gizani pamoja na kiambishi chetu. Tukisema Jamali, ambalo ni jina la uzuri kwa Kiarabu na huku kwetu hupewa watoto wa kiume, tumekwisha kuwasha taa. Jamila lingeiwasha upande wa pili na kuiongopea hadithi. Mwanafunzi alitaka Jamali. Mimi nilitaka Uzuri. Nilimwambia kwamba Nugent mwenyewe alichagua jina lisilokuwa la mwanamume wala la mwanamke. Akanijibu kwamba Nugent alichagua pia kiwakilishi. Ni kweli, na tukaandika Jamali.

Walakini filamu haina kiambishi a-. Hapo ndipo penye kisa chote cha kugeuza fasihi ya namna hii kuwa picha. Karatasi yaweza kusema mpenzi na kunyamaza. Kamera sharti imwonyeshe mtu, na mtu ana pua, ndevu, sauti na jamaa wanaomjua. Wale waliotangulia katika kazi hii wote walikipiga vita kizuizi hicho, kila mmoja kwa silaha yake. Isaac Julien wa Uingereza alipotengeneza Looking for Langston mwaka 1989, filamu ya kadiri ya dakika 45, ya rangi nyeusi na nyeupe, hakusimulia maisha ya Hughes hatua kwa hatua. Alifanya ndoto: wanaume waliovaa suti katika ukumbi wa dansi, kanzi ya maneno ya Nugent na ya mshairi Essex Hemphill, na Beauty mwenyewe akipita. Wasimamizi wa urithi wa Hughes walichukizwa, na filamu ilipoonyeshwa katika tamasha la New York sauti ilipunguzwa yalipofika mashairi ya Hughes. Midomo ikaenda bila neno. Nijuavyo mimi, hakuna mfano bora kuliko huo wa kuonyesha kwamba marehemu naye ana watu wa kumwudhikia.

Hughes si mgeni kabisa kwetu. Juni 1962 alikuja Makerere katika mkutano wa waandishi wa Afrika waliotumia Kiingereza, na mwezi ule ule Shaaban Robert wa hapa Tanga akafariki, naye hakualikwa kwa sababu kalamu yake ilikuwa ya Kiswahili. Hiyo ni habari nyingine, lakini kila niisomapo huniuma.

Afrika Mashariki imekwisha kupata mifano yake. Mwaka 2014 kikundi cha The Nest cha Nairobi kilitoa Stories of Our Lives, filamu fupi tano zilizoongozwa na Jim Chuchu, zilizotokana na masimulizi yaliyokusanywa kwa Wakenya wapendao watu wa jinsia yao. Mwanzoni watengenezaji hawakutia majina yao katika filamu. Watatu walijitaja baadaye, ilipoonyeshwa Toronto. Bodi ya filamu ya Kenya iliikataza, na mtayarishaji wake akakamatwa mwaka huo huo, ingawa mashtaka yalifutwa. Mwaka 2018 Wanuri Kahiu akatoa Rafiki, filamu ndefu iliyotokana na "Jambula Tree" ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, hadithi iliyopata tuzo ya Caine mwaka 2007. Nayo ilikatazwa, bodi ilitaka mwisho wake ubadilishwe, maana ulikuwa na tumaini, na Kahiu hakukubali. Mahakama Kuu iliiruhusu kwa siku 7 tu mwezi Septemba, na watu wakajaza majumba ya sinema.

Naipenda Rafiki, lakini nina neno nayo. "Jambula Tree" ni barua. Anyango wa nyumba za Nakawa, Kampala, anamwandikia Sanyu aliyepelekwa London, na hadithi nzima ni "wewe": ulifanya, ulicheka, walikuona. Uzito wote umo katika kuongea na mtu asiyekuwapo. Filamu imetuonyesha wasichana wawili walio hai, wazuri, wenye rangi za kuvutia, barua imepotea. Tumepata nyuso, tumepoteza sauti.

Na nyuso si kitu chepesi. Sheria ya Tanzania, katika kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, ina adhabu inayofika kifungo cha maisha kwa tendo lenyewe. Na filamu yoyote ya kuonyeshwa hadharani sharti andiko lake lipite mbele ya mamlaka, tangu sheria ya mwaka 1976. Lakini mimi sihofii hakimu tu. Kijana atakayecheza Jamali anakaa Makorora. Kesho yake atakwenda sokoni kununua nazi, na muuza nazi hatofautishi mchezaji na mchezwa. Nugent aliweza kukata jina lake katikati. Mchezaji atakata nini?

Hata maneno yamegeuka kuwa mitego. Katika nyumba za mtaa huu, mwanamke humwita jirani yake shoga, na neno hilo lina harufu ya chai ya alasiri na siri za ukeweni. Neno lile lile, likitupwa kwa mwanamume barabarani, ni jiwe. Kahiu alichagua rafiki kwa jina la filamu yake kwa kuwa ndilo neno ambalo wapenzi wa namna hiyo hulazimika kujulishana nalo mbele za watu. Angekuwa mtu wa Tanga, neno shoga lingempa mambo mawili kwa mkupuo, na pengine kesi mbili.

Niliamini kwa muda kwamba picha haiwezi kusitiri, mpaka nilipohudhuria arusi moja ya jamaa hapa hapa mtaani. Mwimbaji wa taarabu alifika kwenye ubeti fulani. Mwanamke akainuka katikati ya wanawake, akacheza polepole mpaka mbele, akamtuza mwimbaji noti, akarudi bila kumtazama mtu. Macho zaidi ya 100 yalimwona. Ubeti ule aliutuma kwa nani? Kwa mke mwenza, kwa mume, kwa mdeni, kwa mpenzi? Aliyetumiwa alijua, nasi tuliobaki tulikisia hadi usiku wa manane. Mji wa Black Star na wa Shakila haukosi kuelewa mchezo huo. Basi mwili mzima waweza kuonekana katika mwanga kamili na maana ikabaki chini ya kanga.

Nikamwambia mwanafunzi afanye hivyo, na juu ya hilo akumbuke vibanda vya video. Msomaji wa rika langu anawakumbuka wafasiri wa filamu, ambao Lufufu wa Dar es Salaam ndiye aliyejulikana zaidi: filamu ya Kichina au ya Kihindi ikipita, sauti moja ya Kiswahili juu yake, ikieleza, ikitania, ikiongeza. Wasomi waliwacheka. Mimi naona walitupatia chombo ambacho Rafiki ilikikosa. Sauti ya Alex isome waraka kwa "wewe", nukta za Nugent ziwe kimya kati ya sentensi, na picha zionyeshe mikono, moshi, feni, viatu viwili kizingitini, noti ikipita kwa mwimbaji.

Ameyakubali hayo yote isipokuwa moja. Pale Jamali anapoomba kiberiti kichochoroni, Kihispania cha Nugent kimekuwa Kidigo, na hilo limenifurahisha sana. Njiti inawaka. Mimi nataka kamera ibaki kwenye njiti hadi izimike. Yeye anataka uso uonekane, kwa nukta mbili tu, na mchezaji, ambaye tumemwuliza mara tatu na kumpa siku za kufikiri, amesema yuko tayari.