Viazi vya Bustani ya Mungu

Siku hizi watu wakizungumza habari za okidi za uwanda wa Kitulo, Nyanda za Juu Kusini, wachimbaji wa viazi vyake huitwa wezi na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi niliwaona wakichimba. Nilikulia upande wa Matamba miaka ya tisini, na wachimbaji walikuwa majirani zetu, vijana niliosoma nao, na shangazi yangu.

Mvua ilianza Novemba. Kufikia Desemba uwanda wote ule, meta 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, ulikuwa kijani kibichi, na kutoka hapo hadi Aprili maua yalipokezana: meupe, ya waridi, ya rangi ya chungwa, mengine ya manjano. Okidi peke yake ni zaidi ya aina 40. Wazee waliuita uwanda huo Bustani ya Mungu, na tuliokuwa tukichunga ng'ombe kule juu hatukuhitaji kuelezwa kwa nini.

Shangazi alichimba maua yalipoanza kunyauka, maana wakati huo shina bado linaonekana kwenye nyasi. Alipiga jembe dogo pembeni, akanyanyua bonge la udongo, akalipasua kwa vidole. Ndani mlikuwa na viazi viwili. Kimoja kimesinyaa, kimekwisha kulisha ua la mwaka huo. Kingine kigumu, kimejaa maji, ndicho ambacho kingetoa ua la mwaka unaofuata. Alitupa kilichosinyaa, kigumu akakitia kwenye kiroba.

"Shangazi, hili halitaota tena?"

"Mengine yapo, mwanangu. Si unayaona?"

Na kweli nilikuwa nayaona, kilima baada ya kilima.

Viroba vilikusanywa kuwa magunia, magunia yakateremka na malori kwenye kona za barabara iitwayo Hamsini na Saba hadi Chimala, kisha Mbeya, kisha Tunduma. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, viazi hivyo hukaushwa na kutwangwa, unga wake ukapikwa na karanga zilizosagwa, pilipili na magadi mpaka ukashikamana, ukakatwa vipande. Ndiyo chikanda. Ni chakula cha heshima, cha tangu zamani, na simlaumu anayekipenda. Hata huku kwetu Wanyiha wana chao cha namna hiyo. Lakini miji ya Zambia ilikua, okidi za kwao zikapungua, na wanunuzi wakavuka mpaka wakiwa na pesa mkononi. Pesa taslimu! Pareto tuliyolima ilikuwa inapimwa leo, malipo yanasubiriwa hata msimu mwingine. Viazi mviringo vilioza kando ya barabara iliyojaa tope. Ada ya shule haikusubiri.

Nilichokiona mimi ni umbali. Mwanzoni walichimba nyuma ya nyumba, wakarudi saa nne asubuhi. Baadaye walitoka alfajiri, wakarudi jua limezama. Mwishoni vijana walilala huko huko milimani kwenye baridi ile, siku kadhaa. Vilima vya karibu vilibaki nyasi tupu, na havikurudia hali yake mvua iliponyesha tena. Mbegu ya okidi ni laini kama vumbi, haina akiba yoyote ya chakula. Isipokutana na kuvu wa udongoni anayeifaa, haioti, na ikiota hukaa miaka kabla ya kutoa ua. Mwaka 2003 watafiti walichapisha makadirio ya viazi vinavyovuka kwenda Zambia kutoka Nyanda za Juu Kusini: kati ya milioni 2 na milioni 4 kila mwaka. Hesabu hiyo iliwashtua wengi. Sisi tulikuwa tumeona malori.

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa 2005, na nilifurahi kwa moyo wote, ingawa najua nani walipoteza malisho. Ila si sahihi kusema askari wa hifadhi ndio waliomwachisha shangazi kuchimba. Aliacha mwenyewe kabla yao, kwa kuwa kutwa nzima ya kuchimba haikujaza hata nusu kiroba. Pesa ya chikanda ilikuwa imemfikisha binti yake wa kwanza darasa la saba. Yule mdogo alianza darasa la kwanza mwaka 2002, ada ya shule za msingi ikiwa imefutwa, na kwa ajili yake hakuna ua lililong'olewa.