Nilikuwa Naogopa Kufanyiwa Faulo

Sekunde sita zimebaki. Tuko nyuma 38-39. Refa amepiga filimbi na mimi ndiye nimefanyiwa faulo, kwa hivyo nina mitupo huru miwili. Nusu fainali ya kaunti, niko kidato cha tatu. Nikiingiza mmoja, tuko sare. Nikiingiza yote miwili, pengine tunaenda fainali.

Wa kwanza uligonga mbele ya ringi ukarudi. Wa pili, manze, haukugusa kitu. Ulipita chini ya wavu kama matatu iliyojaa inayopita stejini bila hata kupunguza mwendo.

Kwa basi hakuna aliyenitusi. Kapteni wetu alinipa njugu zake, akanyamaza. Afadhali angenitusi.

Sasa hii ndiyo sehemu ambayo sijawahi kumwambia mtu. Baada ya siku hiyo nilibadilika kiwanjani, na kila mtu akadhani nimekomaa. Zamani nilikuwa naingia ndani na mpira, napenya katikati ya mabeki hadi chini ya ringi. Sasa nikifika karibu natoa pasi. Watu wakasema, "Huyu siku hizi anachezea timu." Kumbe wapi! Nilikuwa nahesabu hivi: nikiingia ndani, nitafanyiwa faulo. Nikifanyiwa faulo, nitarudi pale kwa mstari. Na pale sirudi.

Mwalimu wetu wa michezo hakudanganyika. Siku moja baada ya mazoezi akaniita kando.

"Mbona siku hizi huingii ndani?"

"Natafuta wenzangu, Mwalimu."

"Unatafuta pa kujificha."

Akaniambia niende dukani ninunue daftari ndogo. Kila siku nirushe mitupo 50, niandike niliyoingiza. Wiki ya kwanza nilikuwa naingiza kama 21 kati ya 50. Aki niliona aibu kuiandika hiyo namba, hata kama ni mimi pekee ningeisoma.

Lakini namba ilinisaidia kuona kitu. Nilikuwa nadhani shida yangu ni presha. Presha gani na niko peke yangu kiwanjani saa kumi na mbili asubuhi, na mtazamaji ni paka wa jikoni? Shida ilikuwa nilikuwa sijui kurusha. Nilikuwa nasukuma mpira mbele, ukienda bapa.

Chukua sufuria. Iangalie kutoka juu: mdomo ni duara kubwa. Sasa inama hadi macho yawe sawa na meza. Duara limeisha, umebaki mstari tu. Ringi iko hivyo hivyo. Kipenyo chake ni sentimita 45, na mpira wetu wa wasichana, saizi 6, ni kama sentimita 23. Nafasi ni kubwa sana, lakini ni kwa mpira unaoshuka kutoka juu. Ukiurusha bapa, umejifungia mlango mwenyewe. Ringi iko mita 3.05 juu na ubao uko mita 4.6 kutoka kwa mstari. Umbali huo haubadiliki, uwe Nyayo au kiwanja cha simiti cha mtaani kwenu.

Kwa hivyo nikaanza upya. Miguu upana wa mabega. Kupiga magoti kidogo, kwa sababu nguvu inatoka huko chini, si kwa mkono. Kiwiko kiko chini ya mpira, hakitoki nje kama bawa la kuku. Macho kwa ringi, si kwa mpira ukiwa hewani. Ukiachilia, kifundo cha mkono kinakunjika na vidole vinabaki vikiangalia ringi. Kabla ya yote hayo, nadunda mara tatu, navuta pumzi moja, narusha. Kila mara hivyo hivyo. Sheria za FIBA zinakupa sekunde 5 ukishapewa mpira, na mambo yangu yote yanaingia ndani ya hizo.

Kitu cha mwisho Mwalimu aliongeza: nisirushe 50 mfululizo. Kwa mechi hakuna mtu hupewa mitupo 50 akiwa amepumzika. Unapewa miwili, ukiwa unahema. Basi nikawa nakimbia kutoka mwisho hadi mwisho, narusha miwili, nakimbia tena.

Katikati ya hayo nilisoma kuhusu Wilt Chamberlain. Tarehe 2 Machi 1962 alifunga pointi 100 kwa mechi moja ya NBA, na katika mechi hiyo aliingiza mitupo huru 28 kati ya 32. Msimu huo alikuwa anarusha kwa mikono miwili kutoka chini, venye shosho angekurushia kabichi. Rick Barry naye alirusha hivyo, akiingiza karibu asilimia 90. Lakini Chamberlain aliacha. Baadaye alikubali mwenyewe kwamba mtindo huo ulimfanya ajione mjinga, ingawa alijua amekosea kuuacha. Alimaliza kazi yake na asilimia 51.

Mtu mwenye pointi 100 alikubali kukosa ili asichekwe. Na mimi nilikubali kutoa pasi ili nisionekane nikikosa. Tofauti yetu ni urefu tu.

Baada ya miezi mitatu daftari ilikuwa inasoma 34, 36, siku nzuri 38. Si maajabu. Stephen Curry huko NBA anaingiza zaidi ya 9 kati ya 10.

Mwaka uliofuata, kidato cha nne, tulikutana na timu ile ile. Nilienda kwa mstari mara nne, mitupo minane, nikaingiza mitano. Mmoja kati ya ile niliyokosa ulikuwa dakika ya mwisho. Tulipoteza kwa pointi tatu. Ningependa kukuambia tulishinda, lakini hii si filamu.

Ila mpira uliofuata baada ya kukosa, niliingia ndani tena. Nilisikia beki wao akisema, "Huyu tena!" Nikafunga.

Mstari ni mahali pekee kwa mpira wa vikapu ambapo hakuna mtu anakukaba, na ndiyo maana unatisha. Ukikosa, huna wa kulaumu. Na dawa yake haina utamu: daftari, namba mbaya ya kwanza, na asubuhi nyingi na paka wa jikoni.

Kama una mstari wako unaoukwepa na unauita "kuchezea timu", anza leo. Andika hiyo namba ya kwanza.