Bima haijui adabu ya "sijambo"

Msomaji mpenzi, ukiulizwa hujambo, wewe hujibu nini? Bila shaka hujibu sijambo. Hata aliyelala kitandani siku ya tatu, homa imemshika na midomo imemkauka, akiamkuliwa hujibu "sijambo kidogo" kabla ya kueleza kilichomlaza. Huku kwetu Pwani tutaongeza "Alhamdulillahi" na mazungumzo yahamie kwenye mvua na bei ya unga. Huo si uongo. Tumelelewa kuamini kwamba maradhi ya mtu hayatangazwi barazani, sembuse mbele ya mgeni aliyekuja na mkoba wa karatasi.

Leo nataka tumzungumzie mgeni huyo mwenye mkoba, yaani ajenti wa bima ya matibabu. Ziko familia zilizolipa ada yote bila kuchelewa, na siku ya ugonjwa zikaambiwa hazitapata hata senti, eti mgonjwa alikuwa na maradhi kabla ya kujiunga na hakuyataja. Mojawapo ni ya mjomba wangu, ndugu wa mama.

Mjomba anaishi Mackinnon Road. Ikiwa umewahi kusafiri kwa barabara kati ya Mombasa na Nairobi umepita hapo, ingawa yamkini ulikuwa umesinzia. Ni mji mdogo wa Kaunti ya Kwale, ukishapita Samburu na Taru, kabla hujafika Maungu. Madereva wengi husimama kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, kando kabisa ya reli ya zamani, wakaomba dua ya safari. Mjomba ana kibanda cha kuziba pancha na kuuza vipuri vidogo vya malori, na nyuma ya nyumba anafuga mbuzi kama Waduruma wengi wa nyika ile.

Mapema mwaka 2022 alitembelewa hapo kibandani na ajenti. Alikuwa kijana wa heshima, shati jeupe, viatu vinang'aa licha ya vumbi lile jekundu. Alimpa mjomba shikamoo, akakalia tairi kuukuu na kueleza mazuri ya bima yake: hospitali ya kibinafsi mjini Mombasa, chumba kisafi, wala huulizwi pesa mlangoni. Ada ilikuwa Sh42,000 kwa mwaka, mume na mke. Zile Sh500 ambazo mjomba alikuwa akiilipa NHIF kila mwezi, kijana alimwambia azipumzishe, hatazihitaji tena.

Fomu ilikuwa kurasa nne za Kiingereza. Kijana aliijaza mwenyewe huku mjomba akijaza upepo gurudumu la dereva mwenye haraka zake. Kwa maelezo ya mjomba, swali la afya aliloulizwa lilikuwa moja tu: "Na afya, mzee, iko sawa?" Akajibu vile mimi na wewe tungalijibu. Kisha akaitwa atie sahihi, akafuta grisi mikononi, akatia.

Sasa sikiliza. Miaka mitatu kabla ya siku hiyo kulikuwa na kambi ya matibabu ya bure pale mjini. Mjomba alipimwa presha akaambiwa iko juu. Akapewa vidonge vya mwezi mmoja na kuagizwa aendelee kuhudhuria zahanati. Vidonge vilipokwisha hakuhisi lolote. Kichwa hakikumuuma wala moyo haukumwenda mbio, akaona amepona. Usimcheke, msomaji, kwani presha haipigi hodi. Utafiti wa serikali wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima nchini Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa presha maishani mwao. Mjomba alikuwa hatua moja mbele ya hao, na hatua hiyo ndiyo iliyokuja kumponza. Asingalipimwa, asingalikuwa na cha kufichua.

Miezi minane baada ya sahihi ile, alianguka uani alfajiri akienda kutia udhu. Mkono na mguu wa kulia ukakataa, mdomo ukaenda upande. Kiharusi. Jirani mwenye pikapu alimkimbiza Mombasa, kadi ya bima ikaonyeshwa, akapokewa vizuri.

Daktari alimwuliza mkaza mjomba kama mzee aliwahi kuwa na presha. Naye, mke anayetaka mumewe aishi, akasema ndiyo, aliambiwa mwaka 2019, dawa akaziacha. Daktari akaandika kwenye faili. Siku ya sita kampuni ya bima, ambayo ilikuwa imekwisha kuiandikia hospitali kwamba italipa, iliomba kuliona faili hilo. Siku ya nane barua ikafika. Mkataba umebatilishwa tangu siku ya kwanza, kwa kuwa mteja hakufichua maradhi aliyokuwa nayo kabla ya kujiunga, na ile ada angerudishiwa. Bili siku hiyo ilikuwa Sh386,000.

"Mwanangu," mkaza mjomba aliniambia kwenye kibaraza cha wodi, "ni ulimi wangu huu uliotuponza. Laiti ningalinyamaza."

Nilimkatalia, na nalikataa hapa pia kwa sauti, maana najua wako watakaosoma kisa hiki na kuondoka na funzo hilo baya. Kiharusi kina aina mbili, cha mshipa kuziba na cha mshipa kupasuka, na dawa ya kimoja yaweza kumuua mwenye kingine. Daktari huhitaji kila kipande cha habari. Umdanganye daktari ili kuilinda bima, utazikwa na bima yako mkononi. Ukweli ule ulifika mahali pake. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali hilohilo miezi minane nyuma, pale kibandani.

Mbuzi kumi na wanane waliuzwa. Jamaa walichanga, mimi nikiwemo. Mzee alipotoka hospitalini nilianza kuuliza-uliza sheria hii imetoka wapi, na jibu likanirudisha palepale Mackinnon Road kwa njia ambayo sikuitazamia.

Mji ule umechukua jina la Sir William Mackinnon, Mskoti tajiri wa meli za abiria na mizigo aliyeongoza kampuni ya Waingereza iliyojitwalia nchi hizi mwishoni mwa karne ya 19, na ndiye aliyeanzisha barabara ya kwenda bara. Bima ya kisasa ilikuzwa na watu wa biashara kama yake. Mwuza bima alikuwa ameketi London, na meli iko Bombay au Zanzibar. Hakuwa na njia ya kujua kama inavuja. Kwa hivyo mwenye meli alitakiwa aseme kila analolijua, hata asiloulizwa. Akificha, mkataba unavunjika.

Kesi inayotajwa zaidi ni ya mwaka 1766. George Carter, gavana wa ngome ya Waingereza katika kisiwa cha Sumatra, alikuwa amekata bima dhidi ya kutekwa na adui. Wafaransa wakaja mwaka 1760 wakaiteka. Mwenye kuuza bima, Boehm, akakataa kulipa akidai gavana alificha kwamba ngome ilikuwa dhaifu. Jaji Mansfield ndiye aliyeeleza ule wajibu wa kusema kweli yote, na makampuni ya bima humtaja kwa furaha hadi leo. Wasilolitaja sana ni kwamba gavana alishinda kesi! Jaji alisema wajibu huo unazibana pande zote mbili, na kwamba aliyeuza bima akijua hali ilivyo, au akiwa na uwezo wa kuijua na asiulize, hawezi kupokea ada kisha akajifanya kashtuka.

Kenya ilirithi sheria hiyo kutoka kwa Mwingereza, na si sheria mbaya ukiitazama kwa utulivu. Bima ni kama chama chetu cha akina mama. Kila mmoja huweka chake, na anayepatwa husaidiwa. Mtu akijua atalazwa wiki ijayo, akajiunga leo kimyakimya, anakula jasho la wenzake. Hilo nakubali. Nisilokubali ni chama kinachopokea mchango wa mtu mwezi baada ya mwezi bila kumwuliza neno, kisha siku ya kumpa zamu yake ndipo kinaanza kupekua kadi zake za zahanati.

Na usitegemee kumtupia ajenti lawama. Mwaka 1929 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya ndugu waliokuwa na basi. Walimweleza ajenti ukweli kwa mdomo, yeye akaandika mengine kwenye fomu, nao wakatia sahihi. Walishindwa. Mahakama ilisema ajenti alipokuwa akijaza fomu alikuwa kama karani wao, na sahihi ni yao.

Tuliiandikia kampuni kuomba nakala ya fomu ya mjomba. Ilichukua wiki tano na barua tatu. Ilipofika niliitandaza juu ya meza nikabaki kuitazama. Kulikuwa na maswali kumi na sita ya afya: moyo, presha, kisukari, figo, pumu, na kadhalika hadi upasuaji. Kila swali lilikuwa na kisanduku cha ndiyo na cha la. Hakukuwa na alama kumi na sita. Kulikuwa na mstari mmoja wa kalamu, umeanzia juu ukateremka hadi chini, umepita katikati ya visanduku vyote vya la. Mtu aliyeuliza maswali kumi na sita na kungoja majibu kumi na sita hapigi mstari wa namna hiyo. Tena ajenti yule hakujua kama mzee aliwahi kufanyiwa upasuaji, na kovu la ngiri analo tangu ujanani.

Tuliambatisha nakala hiyo kwenye malalamiko yetu, kwanza kwa kampuni yenyewe, kisha kwa mamlaka ya serikali inayosimamia bima, IRA, ambayo hupokea malalamiko ya wananchi. Baada ya miezi kadhaa kampuni ilikubali kulipa nusu ya bili "kwa hisani, bila kukiri wajibu wowote". Mjomba alisema tuchukue. Mbuzi wengine wamerudi zizini, ingawa mkono wa kulia hadi leo hauwezi kushika spana.

Wenzetu wengine wameitazama upya sheria hii. Uingereza kwenyewe, ilikozaliwa, ilipitishwa sheria mwaka 2012 kwamba raia wa kawaida hana tena wajibu wa kukisia kampuni inataka kujua nini. Kampuni iulize, naye ajibu kwa uangalifu. Afrika Kusini, kwa sheria ya mwaka 1998, mifuko ya matibabu yaweza kumsubirisha mwenye maradhi ya zamani kwa muda usiozidi miezi 12. Marekani tangu mwaka 2014 haimruhusu mwenye kuuza bima ya afya kumkataa mtu kwa maradhi aliyokuja nayo. Nasi tunayo SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, ambayo kiwango chake cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Ina matatizo yake na nyote mnayajua, lakini haimfukuzi mtu kwa sababu alikuja akiwa na presha.

Ikiwa bado waitaka bima ya kibinafsi, na iko haja ya kuitaka, usikubali fomu ijazwe huku wewe ukifanya kazi nyingine. Mwambie ajenti akusomee kila swali kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama yako, ukishindwa mwite mtoto wa shule. Taja hata lile unaloliona dogo, ile presha ya kambini, sukari iliyopanda wakati wa mimba, vidonge ulivyoacha. Usilolijua huwezi kulificha, lakini uliloambiwa na daktari mara moja umeshalijua. Liandikwe mbele yako, na kabla hajasimama upige picha kurasa zote kwa simu. Ukileta barua yenye sharti la kusubiri mwaka mmoja kwa presha yako, hiyo ni heri kuliko mkataba mtamu utakaofutwa ukiwa wodini.

Mwaka jana ajenti mwingine alisimama kibandani, wa kampuni nyingine. Mkaza mjomba alimwekea kigoda na kikombe cha chai ya rangi, akamtaka asome fomu yote kuanzia juu. Walimaliza adhuhuri inaadhiniwa. Presha ikaandikwa, kiharusi kikaandikwa, ngiri ikaandikwa na mwaka wake. Wiki mbili baadaye kampuni ikajibu: mama atakubaliwa, mzee atakubaliwa kwa nyongeza ya ada, na kiharusi hakitalipiwa kamwe. Mkaza mjomba aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye kopo la nyaraka pamoja na nakala ya ile fomu ya mstari mmoja. Kisha alilipa SHA ya mwaka mzima, na zilizobaki akanunua mashine ndogo ya kupimia presha. Majirani huja kuitumia kila Ijumaa, naye huwaandikia namba zao kwenye daftari la mraba, kila mtu ukurasa wake.