Kwenye Mizani ya Kahawa

Katika viwanda vya kahawa vya Embu na Meru, shida za nyumbani husikika kwenye mizani kabla hazijafika kwa chifu. Mkulima huleta matunda siku ileile aliyoyachuma, hupanga foleni, na foleni ikiwa ndefu watu huongea. Karani wa mizani, ambaye sasa amestaafu, aliyasikia hayo miaka thelathini akiandika majina na kilo.

Utoto wake hauna mengi: shamba dogo chini ya Mlima Kenya, darasa la saba, kisha kiwandani. Kahawa huko ni ya zamani: Embu na Meru, pamoja na Kisii, ndiko Waafrika wa Kenya walikoruhusiwa kwanza kupanda kahawa, miaka ya 1930.

Aliyemfunza kazi alikuwa mzee mkali, wa kutumbukiza mkono hadi chini ya debe, kwa kuwa mekundu huwekwa juu na mabichi hufichwa. Alikuwa na sababu. Kilo sita au saba za matunda hutoa kilo moja tu ya kahawa safi, na tunda bichi halimenyeki vizuri. Likichanganywa na ya majirani, gredi ya wote hushuka.

Ubishi kati yao ulianza baada ya Julai 1989, migawo ya mkataba wa kimataifa iliyoiwekea kila nchi kiasi cha kuuza iliposimamishwa na bei ikaporomoka. Malipo yalichelewa, makato yakazidi (ya nini, hakuna aliyeelezwa), na akina mama wakachuma kabla ya wakati.

"Karani, pima tu hivyo. Mtoto amerudishwa, karo."

Wazee nao waliuliza kwa sauti ya chini kama mkahawa "uliojikaukia" ni kosa, maana kung'oa bila kibali kulikatazwa na sheria. Katikati ya mistari ya mikahawa mahindi yalikuwa yameshafika kiunoni.

Debe likiwa na mabichi, mzee aliyemfunza angelirudisha zima. Karani alitandika gunia na kumwachia mwenye mali achambue. Mzee aliita hiyo kulea uvivu. Karani hakukubali, na hadi leo hakubali. Na vijana wanaosifu mizani ya kidijitali watie mkono ndani ya debe kwanza: mizani haitofautishi bichi na mbivu.

Jioni moja mama alifika na kilo 19. Baada ya kuchambua, zilipimwa 11. Nane alijitwika akaenda kuzianika ziwe mbuni, kahawa ya bei ya chini. Hakuaga.